Mate Upande wa Menengai

Cheka, Kimutai. Cheka umalize, kisha ufunge mdomo unisikilize. Umekaa kwenye kiti changu, umekunywa chai yangu, na unaniambia mimi ati Shetani ni namna ya kusema tu, ati watu wa zamani walikosa jina lingine la kuita ubaya wa binadamu. Sawa. Halafu kwa mdomo huohuo unaniambia kwamba Jumapili, huko kanisani kwenu Free Area, utawasimamisha wanaobatizwa waangalie magharibi, wanyooshe mkono, wamtemee mate huyo asiyekuwako. Kwa nini? Kwa sababu umesoma kwamba Wakristo wa kwanza walifanya hivyo, na umeona ni jambo la kupendeza. Ishara tu, unasema.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Wewe wamekusomesha mpaka macho yakaomba miwani. Lakini hiyo ishara yako niliiona ikifanywa kabla mama yako hajaota jino. Na kama siku ile ningekuwa mtu wa adabu, wewe usingekuwa hapo unamwaga makombo ya mkate kwenye mkeka wangu.

Miaka ile ya Emajensi, serikali ya mkoloni ilipotangaza hali ya hatari, tulikuwa Solai, kwenye shamba la mzungu mmoja wa ng'ombe wa maziwa na mahindi. Babu yako Kiplangat alikuwa mkamuaji. Kambi ya wafanyakazi ilikuwa juu ya kilima, nyumba za udongo na nyasi, na ukisimama mlangoni jioni unaiona Menengai, ule mlima wenye shimo la volkano, upande jua linakotua. Shimo lenyewe huoni. Unaona mgongo wake, na mvuke ukitoka kwenye nyufa za mawe, hapa na pale, kama watu wanaopika bila nyumba. Watu hawakwenda huko. Hakuna aliyekataza. Hawakwenda tu.

Na wazee wetu, kabla hatujafundishwa kuchimba makaburi, walipeleka maiti magharibi mwa nyumba, waachiwe fisi. Mashariki tuliomba, jua likichomoza. Magharibi tulitupa. Mtoto wa kuchunga mbuzi alilijua hilo.

Padri hakulijua. Alikuwa kijana wa Kizungu mwenye shingo nyekundu na vitabu vingi kuliko mashati. Alikuja kwa pikipiki kila Jumamosi kufundisha kwenye stoo ya mahindi. Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, kizuri mno, hakuna aliyekielewa. Kwa hivyo Mwalimu Hezekiah, mtu wetu aliyelelewa misheni, alisimama kando yake akiyageuza maneno kwa lugha yetu, mikono nyuma, kama karani anayesubiri kufokewa.

Mimi nilikuwa nimebatizwa tayari nikiwa shule, maji kwenye paji la uso, bila mambo mengi. Wanafunzi walikuwa wengine. Mmoja wao mama mkwe wangu, Chepkemboi. Mwingine jirani yangu Chelagat, aliyekuwa na mtoto wa kiume wa rika moja na Jeruto wangu. Jeruto ndiye mama yako. Mimi nilikaa nyuma kwenye magunia nikinyonyesha, nikisikiliza kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kusikiliza.

Na nikwambie, kijana yule alifundisha vizuri kuliko wewe. Hakusema ati ni namna ya kusema tu. Alisema Shetani alikuwa malaika, akataka kuheshimiwa kuliko haki yake, akaanguka, na wengine wakaanguka naye. Akasema hawana nyumba, wanakaa hewani. Wanapenda moshi wa sadaka na damu, na wanajifanya miungu, au wanajifanya wafu wa watu, ili mradi wapewe heshima. Hawana nguvu juu ya mtu mpaka mtu mwenyewe awafungulie. Akasema Wakristo wa kwanza hawakuwaogopa hata kidogo. Waliwacheka. Waliwapuliza kama unavyopuliza makapi kwenye ungo, na mashetani wakakimbia, kwa sababu hicho tu ndicho wasichoweza kuvumilia. Kudharauliwa.

"Aliyeanguka kwa kutaka heshima," akasema, "njaa yake mpaka leo ni heshima."

Maneno hayo niliyaweka. Wengine walikuwa wanasinzia.

Halafu ikafika Jumamosi moja jioni, siku moja kabla ya ubatizo. Padri akafungua milango miwili ya stoo, ile inayoangalia magharibi. Jua lilikuwa limekaa juu ya mgongo wa Menengai, jekundu. Akawapanga mstari wakiangalia huko. Akasema, hapo kwenye giza ndipo alipo. Nyosheni mkono. Semeni, nakukataa, Shetani, na kazi zako zote. Kisha mtemeeni mate.

Hezekiah akafungua mdomo. Akaufunga.

Nilimwona. Alikuwa anajua. Kila mtu mle ndani alikuwa anajua isipokuwa yule aliyetoa amri. Sisi, Kimutai, mate si tusi. Mzee akimbariki mtoto anamnyunyizia mate utosini. Mama akimuaga mwanawe anayekwenda mbali anamtemea kifuani. Jua likitoka, mwenye nyumba anatoka nje na kulitemea, kuliomba amani. Mtu unayemchukia humpi mate yako. Unayameza.

Wewe umezaliwa Nakuru mjini, utajuaje.

Hezekiah akageuza maneno kama yalivyotoka, neno kwa neno, macho chini.

Na watu wakatii. Wakamkataa Shetani kwa mdomo, kwa sauti ya kukariri. Halafu wakambariki. Hawakujua njia nyingine ya kutema. Waliinamisha vichwa, wakatema taratibu, mate membamba kama umande, vile walivyofundishwa na nyanya zao. Chelagat alimgusa mwanawe mdomoni kwa kidole chenye mate yake, ili na yeye awe ametoa. Na mama mkwe wangu, ambaye hakuna kitu alichokifanya vibaya maishani, alitema vizuri kuliko wote, na mwisho akaongeza ile sauti ndogo ya kuitikia baraka.

Padri alikuwa analia kwa furaha.

Mimi niliangalia nje. Mvuke wa Menengai ulikuwa umekatika. Wote. Mlima umekaa kimya, umeshikilia pumzi.

Labda ni upepo. Sema ni upepo.

Siku chache baadaye moto wangu ulizimika. Mvua ilikuwa imelowesha kuni, na jioni ilikuwa inaingia. Nikamwachia mama mkwe mtoto, nikachukua kigae, nikaenda kwa Chelagat kuomba kaa.

Kabla sijafika mlangoni nilisikia harufu. Mawe ya moto yaliyomwagiwa maji. Yai bovu chini yake.

Mtoto wa Chelagat alikuwa analia, kile kilio cha tumbo, na ndani kulikuwa na mzee ameketi kwenye kigoda, mgongo kwa mwanga. Amejifunga blanketi kama wazee wote. Sikuona uso. Niliona mikono, imekauka, na kitu cheupe kwenye mikunjo ya vidole, kama majivu. Chelagat alikuwa amempakata mtoto.

Mzee akainama. Akamtemea utosini.

Hakukuwa na mate, Kimutai. Mzee anapobariki mtoto unasikia unyevu, hata kidogo, unaona matone kwenye nywele. Huyu alitoa hewa kavu. Hhhh. Nywele za mtoto zikatikisika.

Na mtoto akanyamaza. Si kama mtoto anayebembelezwa, anayeshuka polepole na kushikwa na kwikwi. Alikuwa katikati ya kilio, mdomo wazi, na sauti ikakatwa. Mdomo ukabaki wazi.

"Ameacha kulia," Chelagat akanong'ona, anafurahi. "Ona mkono wa mzee."

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Mgeni. Ametoka upande ule. Anasema anatujua."

"Anatujuaje?"

Mzee mwenyewe akajibu bila kugeuka, sauti ya upole, ya mtu aliyelala muda mrefu. "Watu wa kambi hii wana heshima. Nimepita mahali pengi, watu wananifukuza. Hapa walisimama mstari, wakaniangalia, wakanibariki wote. Nimekuja kurudisha."

Nilirudi nyumbani bila kaa la moto.

Nikamwambia mama mkwe. Alikuwa anamrusharusha Jeruto magotini. "Na kuna ubaya gani?" akasema. "Aliyebarikiwa anarudisha. Mzee mwenye adabu. Wewe ndiye umetoka bila kusalimia, nina hakika."

Mtoto wa Chelagat hakulia tena. Hakunyonya. Walimlaza, akageuka uso magharibi. Walimgeuza, akageuka tena, kichwa kwanza, polepole, halafu mwili. Macho wazi. Hakufika Jumapili iliyofuata. Hospitali ya misheni ilisema nimonia, na Hezekiah akaenda kambi nzima akisema nimonia, nimonia, kama mtu anayeuza samaki wa jana.

Nilimkamata nyuma ya zizi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Padri ndiye alisema, mama Jeruto. Mimi nilipitisha maneno."

"Kwa hivyo wewe ni bomba. Maji machafu yakiingia huku, yanatoka kule."

Jasho lilikuwa linamtoka na hakukuwa na jua.

"Waambie wazee walitoe jambo hili," nikasema. "Si wanajua kutoa laana? Wanachinja, wanapaka majani, laana inatoka."

"Nimewauliza," akasema, kwa sauti ndogo. "Laana inatolewa. Baraka hakuna anayejua kuitoa. Hakuna aliyewahi kutaka."

Sasa hilo, mjukuu wangu mwenye miwani, liandike kwenye somo lako la Jumapili.

Padri naye nilimwambia, mimi mwenyewe, kwa Kiswahili changu cha darasa la nne. Shingo ikabadilika rangi. Aliniuliza kwa nini hakuna mtu aliyemwambia.

"Hukuuliza," nikamjibu.

Akaenda likizo kwao na hakurudi. Vitabu alivichukua vyote.

Nikwambie kabisa ilivyokuwa baadaye, kwa sababu nikifika kwenye mlango sitaongeza neno.

Mama mkwe wangu hakufa kwa kifua wakati wa Emajensi kama mlivyoambiwa. Aliishi mpaka uhuru, bendera ilipobadilishwa, na zaidi. Asubuhi iliyofuata jioni nitakayokusimulia, tulimkuta ameketi, mzima, anatabasamu. Kibuyu cha maziwa kilikuwa kikavu kama hakijawahi kutiwa kitu. Kuni zilikuwa nzima na moto umekufa. Alikuwa mpole kuliko kwanza, kama hilo linawezekana. Lakini tangu siku hiyo, kila jioni, alitoa vigoda viwili nje, akavielekeza Menengai, akakaa kwenye kimoja. Alijimiminia maziwa kwenye kikombe kimoja, na kingine akakijaza akakiacha. Asubuhi nilikiosha mimi. Chini kulikuwa na majivu.

Hakuzeeka. Hilo watu hawakulisema kwa sauti.

Na sikumruhusu kumtemea mtoto wangu yeyote, hata mmoja, wala kumshika mkono. Kambi nzima ikaniita mchawi. Mwanamke gani anayemnyima bibi kuwabariki wajukuu? Nilikuwa ninapita kisimani wanawake wananyamaza. Wacha wanyamaze. Mama yako alikuwa mgongoni mwangu, analia, na kilio kile kilikuwa kitu kizuri kuliko nyimbo zao zote.

Haya. Ile jioni yenyewe.

Ilikuwa baada ya kumzika mtoto wa Chelagat. Nilikuwa nimemwambia mama mkwe, nikamrudia, nikamfokea, kwamba mgeni akija jioni asifungue. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. Mtu akisimama mlangoni jioni asikaribishwe? Alizaliwa wapi, akasema, huyu msichana ambaye mwanangu ameoa?

Nikaenda kuchukua kuni nilizokuwa nimeanika kwenye ukuta wa zizi. Si mbali. Jua lilikuwa limebakiza ukingo. Nikapakia kuni, nikageuka.

Mlango wetu ulikuwa wazi.

Harufu ilinikuta njiani. Nikaziangusha kuni.

Ndani, mama mkwe alikuwa ametandika kila kitu sawasawa. Kigoda kizuri. Kibuyu cha maziwa mala, kile cha wageni. Mzee ameketi, blanketi, mgongo kwa mwanga wa mlango. Na Jeruto alikuwa magotini kwa bibi yake, amevuliwa kofia ya uzi, utosi wazi, unapiga vile utosi wa mtoto mchanga unavyopiga. Alikuwa analia kwa nguvu.

Mzee alikuwa anainama.

Akasikia miguu yangu, akaacha kuinama. Akanisalimia kama mzee anavyomsalimia mwanamke.

"Takwenya."

Na wewe unajua, hata wewe wa mjini, kwamba jibu ni moja. Igo. Huwezi kulizuia. Linatoka lenyewe, kama kupiga chafya. Tangu nijue kusema nilikuwa sijaacha mzee na salamu yake hewani. Nililisikia kwenye koo langu, limefika nyuma ya meno.

Nikalimeza.

Nikamwangalia mama mkwe. "Mama," nikasema, "nani ameacha mlango wazi? Kuna harufu ya yai bovu humu ndani."

Mama mkwe akafumba macho kwa aibu.

"Takwenya," mzee akasema tena.

"Panya amekufa mahali," nikasema. "Itabidi tufagie."

Nilimsikia akivuta pumzi, kavu, kama mkono unaopapasa gunia. Akaanza kugeuka. Nikasema moyoni, usimtazame kwa kuogopa, kuogopa pia ni heshima. Nikamtazama kama ninavyomtazama mtu anayekuja kuomba kazi akiwa amelewa. Uso ulikuwa wa mzee tu. Ulikuwa hata unafanana na mtu fulani wa kwetu aliyekufa, na hilo lilikuwa limetengenezwa kwa bidii. Lakini macho hayakuwa na maji. Moto ulikuwa unawaka mbele yake na haukuonekana ndani ya macho yale.

"Chepkorir," akasema. Hakuna aliyekuwa amemtajia jina langu. "Nimekuja kurudisha tu."

Basi nikacheka.

Si kicheko cha ushujaa, usinitengeneze. Nilimkumbuka Padri akisema, malaika, mbingu, majeshi, vita. Na sasa huyu hapa, mkuu wa yote hayo, amekaa kwenye kigoda cha mkamuaji, kambini Solai, anaomba kusalimiwa. Amekuja kwa miguu kutoka shimoni kwa sababu wanawake wachache walimtemea vizuri. Hakuna aliyemtemea vizuri tangu dunia ianze. Ombaomba. Nilicheka mpaka matiti yakaniuma kwa maziwa.

Na kadiri nilivyocheka, blanketi likawa linakaa vibaya. Kama kilichokuwa ndani kimepungua.

"Takwenya," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka.

Nikavuka mbele yake. Nikampa mgongo, Kimutai, mzee aliyeketi, nikampita kati yake na moto, kitu ambacho kwetu wasichana walichapwa kwa ajili yake. Nikamchukua mama yako magotini kwa bibi yake. Alikuwa wa moto, amelowa mikojo, anapiga kelele. Hewa kavu ikanigusa shingoni. Hhhh. Nikampuliza, bila kugeuka, juu ya bega, vile unavyopuliza makapi kwenye ungo.

Kigoda kikalia nyuma yangu.

"Twende, mama," nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ndogo.

Hakusimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya aibu tupu, aibu kwa ajili yangu. Alikuwa amekunja mikono yake magotini, pale mtoto alipokuwa.

"Umetuaibisha," akanong'ona. "Mzee wa watu."

"Inuka. Uniamini hata kama huniamini. Inuka tu."

"Nenda wewe. Huyo mtoto ana njaa." Akashika kibuyu, akakitikisa kidogo kusikia kama kimebaki kitu. "Mgeni haachwi peke yake."

Nikamwangalia. Nilikuwa na mkono mmoja tu mtupu. Kumvuta mtu mzima kutoka kwenye adabu yake kunahitaji mikono mingi, na mimi huo mmoja nilikuwa na kazi nao.

Nikatoka. Jua lilikuwa limekwisha, na Menengai mvuke ulikuwa haujarudi.

Nyuma yangu ile sauti ikasema, polepole, karibu haina nguvu ya kusema, "Takwenya."

Na mama mkwe wangu, kwa sauti safi, ya mwanamke aliyelelewa vizuri, akaitikia, "Igo."

Nikafunga mlango.